Kicheza Muziki cha Bi Mwajabu

Kama wewe si mtu wa Jamhuri ya Usikivu, keti hapo nikueleze. Kama ni mtu wa Usikivu, fungua mlango kwanza, na dirisha pia, jirani asije akasema tumejifungia tunaambiana mambo.

Haya. Mimi naitwa Pazi Mbonde, mjumbe wa nyumba kumi katika Mtaa wa Sauti Moja. Kazi yangu ni kujua. Nani kapika nini, nani kapata mgeni, nani kacheka wakati redio ilikuwa haijasema jambo la kuchekesha. Watu wananiita mbea. Uongo mtupu! Mbea husema ovyo kwa kila anayekutana naye. Mimi nasema kila Ijumaa, kwa ofisi inayohusika, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu.

Sasa, nchini kwetu hakuna mtu anayesikiliza kitu peke yake. Hiyo si sheria tu, ni mila, tumezaliwa tumeikuta. Ukiwasha redio, unafungua na mlango. Simu ikilia ndani ya basi, unaweka spika, basi zima linamsikia mkeo akiuliza mchele uko wapi, na abiria wa viti vya nyuma wanaruhusiwa kuchangia. Kunong'ona tumewaachia wachumba na wagonjwa mahututi, nao mbele ya shahidi. Mkuu wetu wa nchi, tunayemwita Sikio Kuu, alitufafanulia mwenyewe siku moja, kwa hotuba iliyoanza asubuhi watu wakaja kuletewa chakula cha jioni palepale: mtu akisikia kitu ambacho mwenzake hakisikii, basi ama ana wazimu, ama ana mpango. Na wazimu nchini kwetu ulishapigwa marufuku. Kwa hiyo unaona mwenyewe kinachobaki.

Ndiyo maana nilimshuku Bi Mwajabu Kitwana tangu alipohamia nyumba inayotazamana na yangu. Alikuwa mstaafu wa posta, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye mdomo ambao Mungu hakuuwekea breki. Na alikuwa ananiamkia yeye wa kwanza! Hebu jiulize. Mtu asiye na lake jambo, kwa nini amwamkie mjumbe kabla mjumbe hajamwona?

Kisa chenyewe kilianzia hospitali. Bi Mwajabu alikuwa na kisukari, na kwenye kidole cha mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Nilimsindikiza, maana mjumbe ana haki ya kusindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba. Mlango ulikuwa wazi, kama inavyotakiwa. Daktari alikuwa binti mmoja anaitwa Salha, mmoja wa hawa vijana wanaokutazama usoni wanapokwambia jambo.

"Mama, sikufichi," akasema. "Sukari iko juu mno. Hiki kidonda hakitapona mpaka ishuke. Dawa utameza, lakini na mazoezi ufanye. Kila asubuhi, viatu vya soli laini, kimbia mdogo mdogo mpaka jasho likutoke. Nitakuangalia tena baada ya Sikukuu ya Masikio. Kikiwa kimeanza kufunga, tutashukuru Mungu. Kikiwa hakijaanza, tutakata mguu hapa." Akaonyesha chini kidogo ya goti.

Bi Mwajabu akautazama mguu wake. Kisha akageuka, akanitazama mimi pale kwenye benchi.

"Umesikia vizuri, Mjumbe, au arudie?"

Nikamwambia nimesikia. Ndivyo alivyo yule mama, hata akiwa anaogopa.

Basi akaenda kwanza kwenye Mazoezi ya Taifa, kama raia mwema. Hayo hufanyika kila Jumamosi, na nchi za jirani hutuonea wivu. Mbele linakwenda gari la matangazo, nyuma yake Waziri wa Ukakamavu na Jasho, nyuma ya Waziri sisi wananchi. Tunakimbia kutoka kwenye mzunguko mpaka kituo cha mafuta, si mbali, unaweza kurusha kandambili ikafika. Hapo tunasimama, Waziri anahutubia juu ya faida za kutosimama. Akimaliza, msaidizi wake anamnyunyizia maji usoni, wapiga picha wanapiga picha ya jasho, na Naibu Waziri anaanza kutoa shukrani.

Bi Mwajabu alisimama pale asubuhi nzima juu ya kidonda chake. Jioni mguu ulikuwa umevimba, kiatu hakivuliki.

"Mjumbe," akaniambia, amekaa barazani, mguu juu ya kigoda, "haya mazoezi yenu yataniua nikiwa nimesimama wima. Nitakimbia mwenyewe."

"Peke yako?"

"Wewe ulitaka nibebwe?"

Nikalitia akilini. Ijumaa nikalitoa.

Akajaribu kweli, asubuhi mbili tatu. Nilikuwa namtazama kupitia pazia. Anatoka kwa kishindo, anafika kona ya kwa muuza chapati, anapunguza, anasimama, anashika kiuno, anarudi na chapati. Alipomweleza Daktari Salha kwamba uvivu unamshinda nguvu, yule binti akamwambia atafute kidude kidogo cha muziki, cha kubana kwenye nguo, na hedifoni za kuchomeka masikioni. Muziki unavuta miguu, akasema. Nilikuwa kwenye benchi langu. Niliposikia neno hedifoni, nikasogeza sikio mlangoni.

Dukani kwa Hemedi vifaa vya kusikilizia haviuzwi bila mjumbe kuwepo. Nikaenda nimevaa shati la mikono mirefu. Hemedi ni mtu muoga, akimuuzia mtu betri anamwomba msamaha. Akatuwekea mezani vidude vitatu.

"Hiki kikubwa," akasema, "kina kioo, kinaonyesha jina la wimbo."

Bi Mwajabu akakipima mkononi. "Kizito. Nikikimbia nacho kitanivua sketi."

"Hiki cha kati chaji yake inakaa sana, lakini vitufe vyake mpaka uangalie."

"Niangalie kitufe niache kuangalia mashimo ya barabara? Nivunjike na mguu mzima uliobaki?"

Akachukua cha tatu. Kilikuwa cha kijani, kidogo kama kiberiti, nyuma kina kibanio. Akakibana kwenye mkanda wa sketi, akarukaruka mle dukani mpaka vikombe vya Hemedi vikalia kabatini. Hakikuanguka.

"Hiki kina sifa," Hemedi akanong'ona, akaniona, akapandisha sauti. "Kina sifa! Jasho halikiharibu! Vitufe unavijua kwa kupapasa! Hedifoni zake hazichomoki hata ukiruka!"

Mimi nilikuwa nimeshakitazama kile kidude na hakikunipendeza. Nikaanza kuuliza maswali yangu, moja moja, kwa utaratibu. Kwa nini kidogo hivi? Kitu halali kinajificha nini? Jasho halikiharibu, sawa, na maji ya mto je? Kuna mto mpakani, sote tunaujua. Vitufe vya kupapasa maana yake ni kwamba mtu anabonyeza bila kutazama, na anayebonyeza bila kutazama alishajua kabla anachotaka kufanya. Na hedifoni isiyochomoka! Yaani hata mwenzako akitaka kujua unasikia nini, akivuta, haitoki?

Hemedi akaketi chini. Bi Mwajabu akanigeukia mimi.

"Mjumbe, una wake wangapi?"

"Mmoja. Kwa nini?"

"Namwonea huruma peke yake." Akamgeukia Hemedi. "Nipe cha kijani."

Hemedi alipokwisha kumwekea nyimbo zake, nilikichukua mimi, nikakifunga kwenye leso, nikakipeleka mahali panapohusika.

Kamati ya Taifa ya Usalama wa Masikio inaongozwa na Mheshimiwa Kanali Mstaafu Profesa Ngwamba, mtu msomi sana, ameandika kitabu kuhusu ukimya wa samaki. Siku ya kikao kidude cha kijani kiliwekwa juu ya mto wa hariri katikati ya meza. Wajumbe walikisogelea kidogo kidogo. Bi Mwajabu alikuwa amekaa upande wa pili, mguu umefungwa bandeji, na ndani ya kidude zilikuwamo zile nyimbo alizochagua mwenyewe.

"Raia," Mwenyekiti akaanza, "Serikali haina ugomvi na muziki. Serikali inapenda muziki. Serikali ina bendi. Lakini tujiulize, na ninajiuliza kwa niaba yenu ili msipate taabu: raia akipita barabarani ana kitu sikioni, halafu akatikisa kichwa, anakubaliana na nani?"

Ukumbi ukaguna. Kusema kweli hata mimi nilikuwa sijafika huko. Nikaona jinsi elimu ilivyo kitu kikubwa.

Wakazisikiliza nyimbo kwa spika, milango wazi. Wa kwanza ulikuwa wa dansi la zamani, mwanamume anamlilia mpenzi wake arudi nyumbani.

"Simamisha!" Mwenyekiti akasema. "Arudi nani? Nani aliondoka?"

Kila mtu akatazama dari. Sote tunajua aliyeondoka. Ni yule aliyekuwa mkuu kabla ya Sikio Kuu, alikwenda nje kutibiwa jino na jino halijapona mpaka leo. Wimbo ukafutwa.

Wa pili ulikuwa taarabu, mwanamke anamsema mwenzake kwamba hashibi hata akilishwa pamoja na sinia. Waziri wa Biashara akakohoa, akaomba kujua mwimbaji anaishi mtaa gani. Ukafutwa. Wa tatu unasema kumekucha, watu waamke. "Kumekucha!" akasema Mwenyekiti. "Kwa hiyo kulikuwa na giza? Katika utawala wa nani?" Ukafutwa kabla haujafika kwenye kiitikio.

Wa nne haukuwa na maneno kabisa, gitaa tupu, linakwenda taratibu kama mtu anayerudi kutoka shamba. Nilidhani huo utapona. Kumbe ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. "Wimbo wenye maneno unaweza kuhojiwa," akaeleza Mwenyekiti. "Huu unakataa kujibu." Wakaufuta wawili, mmoja anabonyeza, mwingine anashuhudia.

Kila kitu kikaisha. Kidude kikabaki kitupu. Mjumbe mmoja wa Kamati, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kiwekewe hotuba za Sikio Kuu. Makofi yakapigwa. Yalipotulia, mwanasheria wa Kamati, bibi mmoja mwembamba anayeitwa Bi Fadhaa, akainua kidole.

"Waheshimiwa, kidude hiki kina kitufe cha kuzimia."

Hakuna aliyeelewa.

"Tukimweka Sikio Kuu humu," akasema Bi Fadhaa, "tutakuwa tumempa huyu mama uwezo wa kumnyamazisha."

Lo! Nilimwona Kanali Profesa akibadilika rangi. Aliyependekeza akaomba pendekezo lake lisiwe limewahi kutolewa, akaombewa udhuru, akatolewa nje, na sijamwona tena mpaka leo.

Bi Mwajabu alikuwa amevumilia mpaka hapo. Akasimama.

"Wanangu," akasema, maana wengi wao kweli walikuwa wadogo kwake, "mimi mguu wangu haungoji vikao. Sikukuu ya Masikio hiyo inakuja. Nyie mnanifutia gitaa, na pale hospitali kuna msumeno. Niambieni nakimbia au sikimbii."

Nawapongeza Kamati, hawana roho mbaya. Walijadiliana wakatoka na uamuzi wa busara. Kidude kitupu hakina kosa, kwa hiyo akichukue. Ila kwa kuwa mila ni mila, na hakuna mtu anayesikiliza peke yake, hedifoni zina pande mbili: sikio moja litakuwa la Bi Mwajabu na la pili litakuwa la Serikali.

"Serikali ina sikio gani huko mtaani?" Bi Mwajabu akauliza.

Wote wakanigeukia mimi.

Basi ndivyo nilivyoanza kukimbia, mimi Pazi Mbonde, na tumbo langu, na shati la mikono mirefu. Ule waya ulikuwa mfupi. Ukiachana naye hatua mbili unavutwa sikio, ukimsogelea mno mnagongana viwiko. Ilibidi twende sawa sawa, mguu wake na mguu wangu. Watoto walitoka majumbani kuangalia. Mke wangu alitoka, akaangalia, akaingia ndani, akatoka na kiti ili aangalie vizuri.

"Mjumbe, nyonya tumbo," Bi Mwajabu ananiambia, "litatukata waya."

Sasa sikiliza mashaka yangu. Sikio langu halikusikia kitu. Kimya. Lakini yule mama anakimbia, uso umekunjuka, na anatikisa kichwa! Kidogo tu, lakini anatikisa. Nikajua nimechezewa: wamenipa upande mbovu, mambo yanapita upande wake.

"Tubadilishane masikio," nikamwambia.

Tukabadilishana. Kimya. Naye akaendelea kutikisa kichwa vilevile, na sikio lile nililokuwa nalo mimi. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Kimya.

"Unasikia nini?" nikamuuliza, nikihema.

"Kwani wewe husikii?"

"Sisikii."

"Utasikia. Acha kuongea."

Maneno gani hayo? Nilimshuku zaidi. Nikaapa sitaachana naye mpaka nijue, hata kama itanitoa roho, na asubuhi zile za mwanzo ilikuwa karibu itoke. Tulipita kona ya kwa muuza chapati bila kusimama, yeye kwa sababu ya ule mguu, mimi kwa sababu ya kazi. Nikanyamaza, nikatega sikio. Nilitega kwelikweli, kwa masikio yote mawili, lile lenye hedifoni na lile la wazi.

Kila Ijumaa naenda ofisini naripoti. Wananiuliza, umesikia nini? Nasema, sijasikia kitu. Ijumaa ya kwanza wakanipongeza. Ijumaa iliyofuata wakatazamana. Baadaye wakaanza kunipa kiti kinachoelekea dirishani, kwenye mwanga, wanitazame usoni.

"Ndugu Pazi," karani akaniuliza, "mbona umepungua?"

"Nakimbia, ndugu."

"Na kuna mtu kaleta taarifa kwamba juzi, mkipita soko la nazi, ulitikisa kichwa."

Nikataka kukataa. Nikakumbuka kwamba mimi sijawahi kuongeza wala kupunguza katika taarifa, na nisingeanza na yangu mwenyewe. Nikasema huenda nilitikisa. Akaandika, akainuka, akaenda kuongea na mtu chumba cha ndani, mlango wazi, lakini kwa sauti ya chini.

Wakati huohuo bandeji ya Bi Mwajabu ilikuwa imeanza kuwa ndogo. Niliona kwa macho yangu, alikuwa anaifunga barazani. Hilo nalo likafika Kamati, sijui nani alipeleka, maana si mimi. Kamati ikaona sasa mambo yako wazi: kidude hakina kitu, lakini mtu anapona. Kinamponya nini? Kimeletwa na nani? Tukaitwa wote wawili, siku chache kabla ya Sikukuu ya Masikio. Tarishi aliyetuletea wito akaongeza kwa mdomo kwamba Mheshimiwa ameshaandaa amri. Bi Mwajabu atakatazwa kukimbia, nje na ndani ya uzio wake, mpaka uchunguzi ukamilike.

"Uchunguzi unakamilika lini?" Bi Mwajabu akamuuliza.

"Mama, wa mwisho ulianza babu yangu akiwa hai."

Bi Mwajabu akashika nguzo ya baraza. Sikumpenda yule mama, nakwambia ukweli, lakini siku ile roho iliniuma. Alikuwa amekaribia sana kupona.

Ukumbi ulijaa. Kidude kilikuwa kimewekwa tena juu ya mto wake, safari hii kimeunganishwa na spika kubwa za Mazoezi ya Taifa. Mwenyekiti akasimama.

"Leo," akasema, "tutakisikiliza hiki kimya kwa pamoja, kama Taifa. Fungueni milango."

Bi Fadhaa akabonyeza kitufe.

Hakukuwa na kitu. Spika ziliguna kidogo zikatulia. Tukakaa. Nyie hamjawahi kuona Serikali imekaa kimya, kwa hiyo mniamini mimi. Mwanzoni walikuwa wanajifanya wanasikiliza, vidole mashavuni. Halafu Waziri wa Biashara akaanza kujifuta shingo.

"Mnasikia hilo lori?" akauliza.

"Lori gani?" akauliza jirani yake.

"Hilo! Linapakia! Mimi sikuwepo sukari ilipoondoka ghalani, muulizeni yeyote!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kamanda wa Polisi akageuka ghafla akatazama mlangoni, akasema nani anabisha hodi, na mlango wenyewe ulikuwa wazi. Katibu wa Kamati akaanza kulia polepole, akimwambia mtu asiyekuwepo kwamba angerudi kumchukua yeye na mtoto, Wallahi angerudi. Waziri wa Ukakamavu na Jasho alikuwa anatoka jasho, la kweli safari hii, na hakuna aliyempiga picha. Hata Kanali Profesa Ngwamba alikuwa ameng'ang'ania meza. Baadaye alisema alisikia makofi yakipungua, yakipungua, mpaka akabaki mtu mmoja anapiga, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Zima!" akapiga kelele. "Zima hicho kitu!"

Bi Fadhaa akazima. Ikawa vilevile, maana kilikuwa kimya tangu mwanzo, lakini watu wakapumua. Mwenyekiti akanywa maji, akarekebisha nishani zake, akamgeukia Bi Mwajabu kwa hasira ya mtu aliyeogopa.

"Mama! Umekaa na jambo hili masikioni mwako kila asubuhi, na unatabasamu. Hapa ndani wamelia watu wazima. Sema mbele ya Taifa, wewe unasikia nini?"

Bi Mwajabu akasimama, kwa shida kidogo.

"Miguu yangu," akasema.

"Nini?"

"Nasikia miguu yangu, mwanangu, ikipiga chini. Yote miwili. Naisikiliza kila asubuhi nikijiambia, bado ipo. Ndiyo maana natikisa kichwa."

Mwenyekiti akafikiri, kisha nikaona uso wake umepata tumaini. Akanigeukia mimi.

"Ndugu Pazi Mbonde. Wewe ni mtu wetu. Wewe ulikuwa na sikio la Serikali. Mara zote umeripoti kwamba hukusikia kitu. Kwa hiyo huyu mama anadanganya Kamati, au sivyo? Ulisikia miguu yake miwili au hukusikia? Fikiri kabla hujajibu. Kuna nafasi ya mjumbe wa kata, nyumba mia."

Nyumba mia! Tangu ujana wangu nimezitamani. Na lilikuwa jambo rahisi, kusema tu sikusikia kitu, kama nilivyosema Ijumaa zote. Bi Mwajabu hakunitazama. Alikuwa anatazama sakafu, pale ilipo miguu yake.

Lakini mimi ni mtu wa taarifa. Nilikuwa nimeulizwa, na nilikuwa najua jibu. Zile Ijumaa waliniuliza nimesikia nini kwenye hedifoni. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za miguu.

"Si miwili, Mheshimiwa," nikasema.

Akatabasamu. "Enhe. Waambie."

"Minne."

"Minne ya nani?"

"Miwili yake. Na miwili yangu."

Mwe! Ungefikiri nimetupa nyoka mezani. Kanali Profesa akanipigia kelele kwamba walinituma nikamsikilize raia, mimi nikaenda kujisikiliza mwenyewe, na mtu akishaanza hivyo hafai tena kwa kazi yoyote ya umma. Hapo hapo nikavuliwa ujumbe. Kidude kikachukuliwa, pamoja na mto wake, kikafungiwa kwenye ghala la sukari, ambalo lilikuwa na nafasi. Ikabaki ile amri ya kumkataza kukimbia. Bi Fadhaa akauliza kosa liandikwe la kusikiliza nini. Miguu, wakamwambia. Akauliza miguu iko chini ya wizara gani. Waziri wa Afya akasema ni ya Ujenzi na Barabara, kwa kuwa ndiko inakopita. Waziri wa Ujenzi akasema barabara zake hazijawahi kuwa na uhusiano na mtu yeyote. Waligombana mpaka ukumbi ukafungwa, na ninavyosikia bado wanagombana. Amri haijatiwa sahihi.

Baada ya Sikukuu, Daktari Salha alifungua bandeji, akatazama kidole, akakibonyeza kwa upole pembeni. Mimi sikuwa na haki ya kusindikiza tena, lakini nilikuwa kwenye benchi.

"Hatukati," akasema.

Bi Mwajabu alilia kwa sauti, akamkumbatia yule binti. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya benchi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimelala. Sikuwa na kazi, sikuwa na Ijumaa, sikuwa na sababu ya kuamka. Mlango wangu ukagongwa.

"Mjumbe! Hujatoka tu?"

"Mimi si mjumbe tena," nikasema kutoka kitandani.

Bi Mwajabu akasema, "Basi, Pazi, vaa viatu."

Nikavaa. Tukatoka hatuna waya wala kidude. Tulipita kwa muuza chapati, tukapita soko la nazi. Pale kwenye kona ya msikiti alikuwa amesimama mjumbe mpya, kijana mmoja anaitwa Sefu Kingazi, shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni. Alitutazama masikio. Bi Mwajabu akainua ushungi wake akamwonyesha upande huu na upande huu. Hakuna kitu.

"Mnasikiliza nini?" akauliza.

"Kwani wewe husikii?" nikamwambia, na hatukusimama.

Akasita. Akatazama huku na huku. Halafu akaanza kutufuata, kwanza kwa kutembea haraka, lakini akawa anaachwa nyuma na hawezi kusikia. Ikambidi naye akimbie.